Njia Iliyonyooka na Sauti Iliyo Kweli

Wapo watu wanaoamini kwamba uaminifu hauna maana nyingine ila kupita palepale alipopita mwenye jambo. Kwa watu hawa, mfasiri mwaminifu ni yule afuataye neno kwa neno, mwanafunzi mwaminifu ni yule akaririye somo bila kuruka herufi, na mnakili mwaminifu wa tenzi za kale ni yule anayehamisha kila alama kama alivyoikuta, hata ile asiyoielewa. Wapo na wengine wanaosema kwamba njia si hoja, hoja ni kile kinachofika. Sisi walimu wa lugha tumekuwa katikati ya ugomvi huu tangu siku tuliposhika chaki, na aghalabu huumaliza kwa kusema kwamba kila upande una haki yake. Hiyo ni adabu njema, lakini si jibu.

Katika makala haya tunakusudia kuutazama ugomvi huo mahali ambapo unaweza kupimwa kwa rula. Tumechagua kifaa kidogo ambacho wengi wetu tulikiona sebuleni kwa wazee bila kukifikiria, yaani mkono unaobeba sindano katika mashine ya kupigia santuri. Kuna mikono ya aina mbili, na wapenzi wa mashine kongwe wamebishana juu yake kwa miaka mingi kwa ukali ambao mtu wa nje huona kuwa ni kichekesho. Sisi hatuoni kuwa ni kichekesho. Tunaona kwamba wanabishana juu ya swali letu lilelile: je, anayeichukua sauti ya mtu mwingine na kuifikisha kwa wasikilizaji anadaiwa njia ile sauti iliyopitia, au anadaiwa sauti yenyewe tu?

Wasomaji wetu vijana, ambao pengine wameiona santuri ikiwa pambo la ukutani, watuwie radhi tukianza na maelezo ya kazi yake. Ili santuri ipatikane, fundi huweka sahani laini juu ya mashine ya kuchongea, sahani ikazunguka, na kichwa chenye ncha kali kikasukumwa na parafujo ndefu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Parafujo hiyo imenyooka, kwa hiyo kichwa nacho hupita juu ya mstari mmoja ulionyooka, ule ambao katika hisabati huitwa nusu kipenyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, sauti yake ilichongwa katika nta kwa namna hiyo. Santuri ndefu za inchi 12, ambazo kampuni ya Columbia ya Marekani ilizitoa mwaka 1948, nazo zilichongwa hivyo hivyo, ila mifuo yake ni myembamba zaidi. Upande mmoja wa dakika 20, kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, una mizunguko ipatayo 667. Mfuo huo ukinyooshwa ungefika zaidi ya meta 400, lakini katika safari yote hiyo sindano husogea kuelekea katikati kwa sentimeta 8 na kitu tu.

Sasa santuri inafika nyumbani. Mashine nyingi za nyumbani zina mkono ulioshikwa upande mmoja, ukazunguka juu ya egemeo lake kama mlango unavyozunguka juu ya bawaba. Mkono wa namna hii hauwezi kuchora mstari ulionyooka, na kila unaposogea huchora tao. Matokeo yake ni kwamba sindano, ambayo ingepaswa kuelekea sawasawa na mfuo kama kichwa cha kuchongea kilivyoelekea, hujikuta imegeuza uso kidogo upande. Sauti haipotei kwa ajili hiyo, lakini hupotoka. Juu ya sauti ya asili huzuka sauti nyingine ndogo, ya juu zaidi, ambayo mwimbaji hakuiimba.

Wataalamu waliliona kosa hili mapema. Mwaka 1924 Percy Wilson alilieleza katika gazeti la Kiingereza la *The Gramophone*. Mwaka 1938 Erik Löfgren akalipigia hesabu kamili, na mwaka 1941 H. G. Baerwald akafanya vivyo hivyo. Dawa waliyoipata inashangaza. Kichwa cha mkono hukunjwa kwa nyuzi ishirini na kitu, na sindano huachwa ipite mbele ya kile kijiti cha katikati kwa kadiri ya sentimeta moja na nusu. Yaani mkono hupindishwa makusudi na kuwekwa mahali pasipo pake, ili makosa mawili yapunguzane nguvu. Kwa hesabu hizo, katika santuri ya inchi 12 sindano huelekea sawa kabisa na mfuo katika sehemu mbili tu, karibu milimeta 121 na milimeta 66 kutoka katikati. Kwingineko kote hukosea, lakini kosa lenyewe, katika mkono wa urefu wa kawaida, ni la nyuzi mbili hivi ukingoni na pungufu ya hapo ndani.

Tunaomba msomaji asiharakishe kupita hapa, maana jambo lenyewe lina uzito wa kimaadili kuliko linavyoonekana. Sahani huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini mfuo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Ukingoni mfuo hupita chini ya sindano kwa sentimeta 51 hivi kila sekunde, ilhali karibu na katikati hupita kwa sentimeta 21. Kwa hiyo sauti ya mwishoni mwa santuri imesongamana mahali padogo, na kosa dogo la pembe linaloweza kusamehewa ukingoni huiumiza sana huko ndani. Wale wataalamu walilijua hilo. Wakagawa kosa kwa mizani: kubwa wakaliweka nje ambako lina madhara machache, dogo wakaliweka ndani. Mkono wa egemeo, basi, ni mkosaji anayejua kiasi cha kosa lake na mahali linapoangukia, na aliyechagua kulibeba pale ambapo mwenziwe ataumia kidogo. Ni wangapi kati yetu wanaofasiri au kufundisha wanaoweza kusema hivyo juu ya makosa yao?

Kule kukunjwa kwa kichwa kuna gharama yake. Msuguano wa santuri huuvuta mkono kuelekea katikati, na sindano ikaegemea ukuta mmoja wa mfuo kuliko mwingine. Watengenezaji huweka kamba yenye uzani au springi ili kuurudisha nje, lakini mvuto hubadilika mahali na mahali, nayo springi haijui. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu kwa maoni yetu ndilo zito kuliko lile la pembe.

Kundi la pili halikuridhika na ugawaji huo wa makosa. Lilisema: kichwa cha kuchongea kilipita katika mstari ulionyooka, basi na sindano ipite katika mstari ulionyooka, yaani juu ya reli. Wazo lenyewe ni la kale, kwa kuwa nyingi za mashine za Edison za kupigia mitungi ya nta zilikuwa tayari zikiibeba sindano yake kwa parafujo. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 liliamshwa upya na Jacob Rabinow, mhandisi aliyezaliwa Kharkov mwaka 1910 akafika Marekani akiwa mtoto, na ambaye alipata hati za kulinda uvumbuzi zaidi ya 200 katika maisha yake. Kampuni yake ya Rabco iliuza mkono wa reli uitwao SL-8, uliotengenezwa ili mtu aufunge juu ya mashine aliyonayo tayari. Mwaka 1972 Bang & Olufsen ya Denmark ikatoa Beogram 4000, ambayo umbo lake lilichorwa na Jacob Jensen. Mwaka 1979 Technics ya Ujapani ikatoa SL-10, mashine ndogo kama jalada la santuri, ambayo mkono wake umefichwa ndani ya kifuniko. Kampuni ya Kiingereza ya Garrard ilikuwa imejaribu njia ya kati mwaka 1971 kwa mashine yake iitwayo Zero 100. Mkono wake ni wa egemeo, lakini kichwa chake hugeuzwa kidogo kidogo na fito ya pembeni ili kielekee mfuo daima. Ilikuwa akili nyingi kwa faida ndogo, na hatutakaa hapo.

Tukitaka kuuelewa mkono wa reli hatuna budi kuuliza ni nini kinachousukuma. Rabco walikuwa na mashine nyingine iitwayo ST-4, ambayo inatupendeza kuliko zote kwa urahisi wake. Chini ya mkono kuna fimbo ya chuma inayozunguka wakati wote, na juu ya fimbo limeegemea gurudumu dogo la mpira. Mkono ukikaa sawa, gurudumu huzunguka mahali pake bila kwenda popote. Mfuo ukiivuta sindano kidogo kuelekea ndani, mkono hupinda, gurudumu nalo hupinda, na hapo huanza kutambaa juu ya fimbo mpaka mkono uwe sawa tena. Katika Beogram kazi hiyo hufanywa na taa na jicho la umeme: mkono ukipinda, mwanga hubadilika, mota ikaamshwa, gari la mkono likasogea.

Je, msomaji ameona jambo hapa? Mkono huu uliotengenezwa ili usikosee hauwezi kwenda hatua moja pasipo kukosea kwanza. Ni lazima upinde ndipo usahihishwe. Ukiwa umenyooka kabisa, husimama, na mfuo ukauacha nyuma. Kosa lake ni dogo sana, sehemu tu ya uzi mmoja, na kwa kipimo cha pembe umeushinda mkono wa egemeo bila ubishi. Lakini wale wanaousifu kana kwamba umetoka nje ya mipaka ya kosa hawakuutazama kwa karibu. Ile iliyotengenezwa baadaye bila mota, ambayo gari lake huelea juu ya hewa inayosukumwa na pampu, haina kosa hili, lakini huzaa lingine. Gari zima huvutwa na sindano yenyewe kwa kuta za mfuo. Na tundu la santuri, kama kila fundi ajuavyo, ni nadra kuwa katikati hasa. Kila mzunguko santuri huyumba ndani na nje, na sindano hulazimika kuliburuta gari lote huku na huko, mara 33 kwa dakika, safari nzima. Njia ya mchongaji ilikuwa imenyooka, lakini santuri iliyofika mezani kwetu haijui tena katikati yake iko wapi.

Hapa ndipo tunapoliona kosa la hoja ya wanyoofu, na tunasema kosa la hoja, si la kifaa. Wanadai kwamba wanapita njia ya mchongaji. Hawapiti. Kwanza, ncha ya kuchongea ina makali kama tindo, ilhali sindano ya kupigia ni ya mviringo au ya yai. Tindo lingeirarua santuri papo hapo. Pili, na hili ni kubwa zaidi, sauti iliyomo katika mfuo siyo sauti iliyotoka kinywani. Mchongaji hupunguza sauti nzito ili mifuo isigongane, na huongeza zile nyembamba ili zisimezwe na mkwaruzo. Kikuza sauti cha nyumbani hugeuza mambo hayo kinyume. Kipimo cha kupunguza na kuongeza kiliafikiwa na chama cha watengenezaji santuri wa Marekani mwaka 1954, na baadaye kikafuatwa karibu duniani kote. Kwa maneno mengine, mchongaji ameipotosha sauti kwa mapatano, akitumaini kwamba mpigaji ataipotosha upande wa pili. Anayepita njia ya mchongaji kwa ukamilifu, bila kufanya kinyume cha alichofanya, atafikisha sauti iliyokonda na yenye kuchoma masikio.

Mfano ulio karibu nasi zaidi utalifafanua jambo. Santuri za enzi ya Siti zina mifuo mipana, na sindano yake ina ncha nene mara tatu hivi ya ile ya santuri za baada ya 1948. Mtu akichukua mkono bora wa reli, akaufunga barabara, akautia sindano nyembamba ya siku hizi na kuuweka juu ya santuri ya mwaka 1928, sindano itazama hadi chini ya mfuo, mahali ambapo kuta zenye sauti haziigusi. Atakuwa amepita njia ileile iliyopitwa Bombay, bila kosa la pembe linalofaa kutajwa, na atakachosikia ni mkwaruzo wa mchanga.

Walimu wenzetu watakumbuka kisa kinachofanana na hicho katika maandishi yetu wenyewe. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika mazoea ya waandishi wengi herufi moja ya *ba* ilibeba sauti za *b*, *p* na *mb* pamoja. Msomaji wa Pate au Lamu hakuhangaika, maana lugha aliyokuwa nayo kichwani ilimwambia ni ipi. Lakini anayezihamisha herufi hizo katika hati za Kilatini moja kwa moja, herufi kwa herufi, ataandika *baka* penye *paka*, naye atakuwa mnyoofu kuliko wote na mpotoshaji kuliko wote. Mnakili aliyesoma, akasita, akauliza wazee, kisha akaandika *paka*, ameiacha njia ya kalamu ya mtunzi ili amfikie mtunzi.

Hata hivyo hatukusudii kuwapa ushindi wale wa upande wa pili, wanaosema kwamba njia si kitu. Maneno hayo ni matamu kwa mtu mvivu. Mkono wa egemeo haukupata heshima yake kwa kudharau njia. Uliipata kwa sababu watu watatu walikaa na hesabu mpaka wakajua imeachwa wapi na kwa kiasi gani. Mashine ya bei rahisi ambayo mkono wake ulifungwa kwa kukisia, nayo ni ya egemeo, na huchafua sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tena kuna mahali ambapo wanyoofu wana haki kamili. Simfoni nyingi za Ulaya humalizika kwa kishindo, ala zote zikivuma pamoja, na kishindo hicho huangukia ndani kabisa mwa santuri, pale ambapo mwendo ni wa sentimeta 21 na nafasi ni finyu. Mtunzi alikipanga kiwe kilele, nasi tukakiweka mahali pabaya kuliko pote. Mtu aliyechoka kukisikia kikipasuka, akatafuta mkono wa reli ili mwisho wa wimbo uwe safi kama mwanzo wake, hatuoni kuwa anafuata anasa. Ana jambo la kweli mkononi.

Basi na tuje kwenye swali lenye ubishi zaidi, nalo ni la wale wanaotaka kuufunga mkono wa reli juu ya mashine kongwe. Hapa uaminifu unawagawanya watu mara mbili, kwa sababu anayedai haki si mwimbaji peke yake. Yupo pia aliyetengeneza mashine. Wapenzi wa vitu vya kale husema kwamba kuibadilisha mashine ya miaka ya 1950 ni sawa na kuufuta mstari katika shairi la mtu na kuandika wako. Sisi tunadhani ni lazima kwanza kuitazama mashine yenyewe imesema nini.

Tuchukue Garrard 301, mashine nzito ya Kiingereza ya miaka ya 1950. Iliuzwa bila mkono. Mnunuzi alijitafutia mkono autakao, akaichongea mashine sanduku la mbao, na mkono ukafungwa juu ya mbao hizo. Thorens TD 124 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1957, ina kibao cha mkono pembeni ambacho hufunguliwa na kuwekwa kingine. Watengenezaji hawa walijua kwamba mikono itakuja mingine wasiyoijua, wakaiachia nafasi. Anayefunga mkono wa reli hapo hajamvunjia mtu heshima, amejibu mwaliko. Kibao cha zamani kikiwekwa kabatini pamoja na mkono wake, mjukuu anaweza kukirudisha kwa bisibisi katika muda wa robo saa. Ni tofauti kabisa na mashine ambayo mkono na mwili wake viliundwa kuwa kitu kimoja, vyuma vya kuuinua na kuushusha mkono vikiwa vimefungamana chini ya bamba. Huyu anayelikata bamba la chuma kwa msumeno ili reli ipate mahali pa kukaa amefanya jambo ambalo halirudi. Tunakiri kwamba mashine hizo zilitengenezwa kwa maelfu na hakuna atakayelia kwa moja. Lakini hoja ya wingi ni hoja hatari, maana ndivyo vitu vinavyokwisha.

Na katika neno hilo, *halirudi*, sisi tunaiona mizani ambayo ugomvi wa pembe unaisahau. Kosa la pembe hutokea wakati wa kupiga santuri na mara nyingi huondoka na wakati huo: leo umesikia vibaya, kesho ukirekebisha mkono utasikia vizuri. Ukuta wa mfuo uliolika haurudi. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza juu ya mkono wowote siyo kama unafuata njia ya mchongaji, bali unauachaje mfuo baada ya kupita. Swali hili likiulizwa, pande zote mbili huinama. Mkono wa egemeo huegemea ukuta wa ndani kwa ule mvuto tuliousema. Mkono wa reli, ambao hauna mvuto huo, na ambao kwa haki ungepaswa kuwa mpole zaidi, huukandamiza mfuo vibaya siku gari linapokwama kwa vumbi juu ya reli au fimbo. Tena mashine za reli zenye mota sasa zimepita umri wa miaka arobaini: mipira yake imekauka, taa zake zimeungua, na viungo vya umeme vimechoka. Mkono wa egemeo wa zamani zaidi ya huo, kama beringi zake hazikuharibiwa, huhitaji kusafishwa tu. Anayenunua reli kwa ajili ya unyofu wake na asijue kuitunza, hana unyofu. Ana kifaa cha kukwaruzia.

Huenda mtu akasema kwamba jawabu ni kutogusa kabisa. Limejaribiwa. Kampuni ya ELP ya Ujapani iliuza mashine inayosoma santuri kwa miale ya leza, nayo husogea katika mstari ulionyooka, bila sindano na bila uzito. Mfuo haudhuriki hata kidogo. Lakini sindano, kwa kugusa kwake, huwa inasukuma vumbi pembeni. Mwale hausukumi kitu. Kila chembe iliyolala ndani ya mfuo husomwa kana kwamba ni sehemu ya wimbo, na santuri isiyooshwa vizuri hutoa milio mingi kuliko ile ya mashine ya kawaida. Hatulisemi hili kwa dhihaka, kwani kwa maktaba zenye santuri zilizobaki nakala moja moja, njia za kusoma kwa mwanga ni neema kubwa. Tunasema tu kwamba msomaji asiyeweka mkono wake juu ya kitu naye hana uwezo wa kutenga neno na uchafu uliolidondokea. Kazi ya kutenga inabaki, na ni lazima afanye mtu.

Tumalizie na hali ambayo inaweza kumkuta yeyote miongoni mwetu. Familia moja imerithi santuri chache za enzi ya Siti, pamoja na gramafoni ya kupiga kwa mkono, yenye kichwa kizito na sindano za chuma. Watoto wanataka kumsikia bibi huyo kama babu alivyomsikia. Ni ombi la haki, na kwa hakika gramafoni ile ndiyo njia ya kweli ambayo sauti ilifika nayo katika nyumba za Unguja. Lakini kichwa chake hukandamiza kwa zaidi ya gramu 100, ilhali mkono wa siku hizi huhitaji gramu chache tu. Na santuri zile zilichanganywa makusudi na unga wa mawe, ili mfuo uisage sindano mpaka ienee ndani yake. Mfuo na sindano vililana, na kila kusikiliza kuliondoka na chembe ya sauti.

Sisi tungeshauri santuri ioshwe kwanza kwa maji safi yasiyo moto na bila spiriti, ambayo huyeyusha lahamu ya santuri hizo. Kisha ipigwe mara moja kwa mkono mwepesi wenye sindano nene inayostahili, na sauti ihifadhiwe. Mkono ukiwa wa reli au wa egemeo, kwa kazi hii hatutagombana na mtu, ilimradi umepimwa na anayeupima anajua anachokipima. Hayo yakishafanyika, mzee na aichague santuri moja, ile yenye nakala nyingine kwa jirani kama ipo, aiweke juu ya gramafoni siku ya Idi mbele ya watoto, na wamsikie Siti akitoka katika pembe ile kwa sauti yake nyembamba yenye mkwaruzo. Upande mmoja utatosha. Na sindano iliyotumika itupwe siku hiyohiyo, maana sindano hizo hazikutengenezwa zipige upande wa pili.